Chipsi Alizokula Ba

Masi Urmila mpendwa, Jai Jinendra, kwa salamu yetu Wajaini. Naomba unijibu gazetini kwako kabla ya Jumapili, na usiucheke mwandiko wangu, shule niliachia darasa la nne. Jumapili wanakuja wageni kumi na wanne kula ndizi za kukaanga ambazo siwezi kuzipika, kwa sababu hazikuwa ndizi.

Wiki mbili zilizopita mama mkwe wangu, Ba, alitupeleka bustani ya michezo nje ya Rajkot, mimi na wanangu wawili, Khyati wa miaka tisa na Moksh wa miaka mitano, na pale getini akampa kila mtoto rupia mia tatu akasema, "Leo hela ni zenu, chagueni wenyewe, mimi sitii neno," halafu akatia neno kutwa nzima. Za Moksh ziliisha kabla ya saa sita, kapanda kigari cha bata mara sita, bata yule yule wa njano, wengine hawataki. Lakini Khyati alikataa kila kitu, bembea kubwa hataki, mashua hataki, mpaka Ba akamwambia, "We binti, umekuja kuzilinda hizo hela?" Akajibu, "Nangojea chakula, Ba." Tukasema jamani, mtoto huyu ana akili.

Kumbe alishaona taji! Pale kantini kuna sahani moja ya watoto inayokuja na taji la plastiki linalowaka taa nyekundu na buluu, nyingine zote haziji na chochote. Jua lilikuwa linashuka na Ba hali kitu likishazama, kwa hiyo nilikuwa mbio mbio, na orodha imeandikwa Kiingereza, mimi sikijui na Ba hakijui, nikamwambia Khyati, "Soma upesi, kipi tunaweza kula?" Wewe unajua sisi hatuli kinachong'olewa ardhini, si kiazi si kitunguu, maana kung'oa mzizi ni kuua viumbe wasiohesabika. Khyati akaweka kidole kwenye picha akasoma bila kupepesa, "Ndizi mbichi za kukaanga, Mami." Nikatulia, maana ndizi mbichi ndiyo kiazi chetu.

Masi, zilikuja nyembamba, rangi ya dhahabu, zinalia mdomoni, ndani laini, na mimi kiazi sijakionja tangu nizaliwe, ningekijuaje? Ba akala moja. Akala ya pili. Akasema, "Jigisha, watu hawa wanajua ndizi." Khyati alisema hana njaa, amevaa taji lake anajitazama kwenye kijiko. Ba akamwambia, "Hela zimebaki? Ongeza, mwanangu," tukala sahani tatu, Masi, tatu! Halafu Ba, na miaka yake sitini na nane, akapanda bembea kubwa, sari ameikusanya magotini, anampigia kelele mwendeshaji, "Ongeza mwendo, bhai, au umelala?" na mimi ubavuni kwake nacheka mpaka machozi. Tangu niolewe sijawahi kucheka vile na mama mkwe wangu, na toka siku hiyo tunacheka kila asubuhi.

Sasa Jumatatu iliyopita Khyati akaangua kilio juu ya daftari, "Mami, ile sahani iliandikwa viazi." Na Ba alishaalika ukoo mzima waje waonje! Nimekaanga ndizi mara tano, Ba anaonja anasema, "Bado, mwanangu, zile zilikuwa na kitu." Na kuna jingine naona haya kulisema, jana nilipita mbele ya gari la muuza chipsi nikapunguza mwendo. Nimwambie, yeye ambaye hajaivunja nadhiri yake maisha yote? Au ninyamaze? Naogopa atanichukia wakati ndio kwanza tumeanza kupendana.

Mami yake Khyati, Rajkot (majina nimebadilisha)

*

Mami yake Khyati,

Nimecheka, nakiri, na mhariri wangu amecheka. Sasa basi.

Kula hukukosea, hukujua. Ulikosea Jumatatu, ulipojua ukashika kikaango badala ya kwenda kuongea. Mara tano, dada! Ulitaka ndizi ikuombee radhi?

Naona unamhurumia Ba. Nadhiri ni yake, si yako kumfichia. Akijua, ataenda kwa watawa, watampa toba, atafunga siku moja au mbili na moyo wake utakuwa mweupe. Asipojua, hiyo nafasi umemnyang'anya wewe. Na siku yetu ya kila mwaka ya kuombana radhi iko mbali, usikae ukiingojea.

Kesho asubuhi, Ba akimaliza ibada na kabla hajashika simu kuwapigia wageni, keti sakafuni mbele yake, wewe na Khyati. Mtoto aseme kwa mdomo wake, usimmalizie maneno. Usimpige, na taji usimnyang'anye. Mlimwambia achague, akachagua, alichokosa ni ujasiri wa kusema "nataka taji tu." Na alijua alichofanya, ndiyo maana njaa ilimpotea mbele ya sahani tatu. Safari nyingine muulizeni muuzaji bei ya taji bila chakula. Adhabu ya Khyati ni hii: nusu saa kila jioni akufundishe wewe kusoma Kiingereza, mpaka usome orodha ile mwenyewe.

Wageni wapikie dhokla ya unga wa dengu, watashiba na watashukuru. Kwa muuza chipsi, pita njia nyingine. Unanielewa.

Ba atanyamaza kwanza, pengine mpaka mchana. Usikimbilie jikoni, kaa hapo hapo. Mwanamke aliyepiga kelele nawe kule juu ya bembea hatakuchukia kwa neno ulilomletea mwenyewe. Angekuchukia kwa kulisikia kwa mwingine. Na akikuuliza, kwa sauti ya chini, kama nawe ulizipenda, usiongeze uongo. Mwambie, "Sana, Ba."

Masi Urmila