Herufi Nene za Mlazo Pale Lamadi

Mwadila, nakusalimu kwa Kisukuma chetu, mjukuu wangu Kabula. Huku Bariadi pamba imechanua, ila nyumba imenipwaya tangu bibi yako atangulie.

Umeniuliza, herufi nene za mlazo mnazofundishwa huko chuoni ni za kazi gani? Ujanani nilimchorea bibi yako kibao cha kuuzia samaki aina ya sato barabarani Lamadi, maneno yote manene, yote ya mlazo. Mabasi yakapita tu. Bibi yako akacheka: “Ng'ombe aliye mbali unamwita jina, humsimulii habari! Bakiza SATO. Mengine watauliza wakishuka.” Nikafuta, magari yakaanza kusimama.

Herufi hizo ni za kumwita aliye mbali. Ndiyo maana babu yako nimekuandikia kwa herufi nyembamba zilizosimama, isipokuwa neno moja hili la mwisho:

***NJOO***