Kiti cha Dereva

Mume wangu mdogo,

Bibi yako bado napumua. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani; nimemwonya asipambe maneno. Paa halivuji tena. Kuku mweupe ameanza kutaga.

Ulisema gari la marehemu baba yako liuzwe. Nikamwita makanika. Akalizunguka, akatikisa kichwa.

"Bibi, hili ni gari la kifahari na lina mbio kama swala, lakini limelala chini mno. Matajiri wa leo wanataka magari marefu, ya kupanda kama ghorofa. Hata kiwandani haijulikani kama wataendelea kuyaunda haya."

"Hata mimi haijulikani," nikamwambia, "na bado nipo."

Akacheka, akaliwasha kulijaribu.

Sasa sikia. Tangu tumzike baba yako, kila asubuhi nilikuwa naketi humo, upande wa abiria. Kiti cha dereva kilikuwa nyuma kabisa, vile vile alivyokiacha na miguu yake mirefu. Makanika ni mfupi. Alikivuta mbele kabla ya kuwasha. Hakujua. Sikumgombeza, na sikulia. Niliingia ndani nikachemsha chai, nikaisahau mpaka ikapoa.

Mnunuzi hajapatikana, wala sijamuulizia. Wewe hujakanyaga hapa tangu mazishi, na usiniletee visingizio. Miguu yako ni kama ya baba yako. Njoo ukalie kiti kile, ukirudishe mahali pake. Ya kuuza tutaongea baadaye.

Mkeo kibogoyo,
Bibi