Jibu Linakuja na Lori

Lodwar, 11 Februari 1979

Kwa kaka yangu Lokwang,

Ejok? Hujambo? Baba hajambo? Mama je, na mbuzi wetu? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayoumwa.

Kaka, nimekwisha. Hapa hakuna anayeniita Longor. Tangu asubuhi ile gari la shule lilipokuja Kakuma na karatasi yenye jina lako, Baba akakuficha kwa mjomba Ekuru na kunisukuma mimi garini, mimi ndiye Lokwang. Wakiniita nakaa kimya mpaka jirani anipige kiwiko. Wengine wanadhani ni kiziwi. Mwalimu Wainaina aliyekupa ule mtihani wa kuingia hapa angenitambua, lakini amehamishwa kwao, kwa hiyo siri imekaa. Imenikaa mimi shingoni.

Darasa lenyewe linaitwa Darasa la Vipawa. Tuko wachache, kila mmoja bingwa wa shule yake. Yuko mmoja wa Kataboi, mmoja wa Todonyang, wawili wa hapa hapa Kanamkemer. Hatukariri kitu. Mwalimu wetu anaitwa Jerotich, mama mrefu wa kutoka Kericho, hashiki kiboko hata kidogo. Kila wiki anaandika swali moja ubaoni, halafu anatuambia, "Haya, tokeni nje mkafikiri." Wenzangu wanatoka mbio kama wameitiwa nyama. Mimi natoka naangalia ndege.

Swali la wiki hii: karibu na lango kuna mkoma, mti mrefu kama mtende. Tupime urefu wake bila kuupanda na bila kuukata. Mimi nilisema tumwulize aliyeupanda zamani. Walicheka mpaka nikacheka nao.

Nisaidie, kaka. Wakinigundua nitarudishwa, na Baba unamjua. Lori la misheni linakuja huko kila Jumatatu na kurudi Jumamosi. Dereva ni Lomuria, mpe jibu mkononi mwake.

Maharagwe kila siku, nyama Jumapili. Nimeota mashavu.

Ni mimi mdogo wako,
Longor (jina hili naliandika kwako tu)


Kakuma, 17 Februari 1979

Mdogo wangu Longor,

Sisi tupo. Mama anakusalimu, anasema ule polepole usije ukapaliwa. Mbuzi wawili wanakohoa. Baba hajambo na hasira zake hazijambo.

Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Akasema, "Mtoto mwenye akili hapewi serikali. Mwenye akili anapewa mbuzi. Yule anayepoteza mbuzi mchana kweupe, huyo ndiye wa kwenda kukalia kiti." Usikasirike, nakupa maneno yake kama yalivyo. Wewe mwenyewe unajua ulivyompoteza yule beberu mwekundu ukiwa umemshika kamba.

Sasa swali. Simamisha fimbo mahali palipo wazi. Subiri alasiri, mpaka kivuli cha fimbo kiwe sawa na fimbo yenyewe. Wakati huo huo kimbia ukapime kivuli cha mkoma. Urefu wa kivuli ndio urefu wa mti. Mimi nilijaribu kwa mti wa pale kisimani, halafu nikaupanda na kamba nione kama kivuli kimenidanganya. Hakikudanganya. Nilifurahi mpaka mbuzi wakanishangaa.

Leta swali lingine upesi. Kuchunga ni kazi ya macho na miguu, Longor. Kichwa kinabaki hakina la kufanya, na kinaniuma.

Kaka yako,
Lokwang


Lodwar, 4 Machi 1979

Kaka Lokwang,

Salamu nyingi kwenu wote, na pole kwa mbuzi wanaokohoa. Mimi nimepona kidogo.

Jibu lako lilifika swali likiwa limeshafungwa. Mwalimu alikuwa amekwisha kufuta ubao. Hata hivyo nilisimama nikalisema. Darasa zima likaangua kicheko, lakini Mwalimu Jerotich hakucheka. Alichukua fimbo, akatutoa nje kwenye jua, tukasubiri kivuli. Kisha akanishika bega akasema kuna watu wanaofikiri upesi na kuna wanaofikiri kwa kina. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Bwana Wiki Ijayo.

Swali jipya: mawe tisa yanafanana kwa sura na ukubwa, moja ni zito kuliko mengine. Una mizani ya vikombe viwili. Lipate lile zito kwa kupima mara mbili tu. Nimeyaangalia mawe hayo na yenyewe yameniangalia.

Likizo ya Aprili hatutakuja nyumbani, wanasema barabara si salama. Na mwisho wa mwaka kuna mtihani wa chumbani, mlango umefungwa. Lori halipiti chumbani, kaka.

Mdogo wako,
Longor


Kakuma, 10 Machi 1979

Mdogo wangu,

Tuko hai, mwenye kushukuru ashukuru. Wale mbuzi wawili walikufa, wengine wameanza kukohoa.

Weka mawe matatu kikombe hiki, matatu kile, matatu yaache chini. Upande ukizama, jiwe lako liko huko. Ikibaki sawa, liko kati ya yale ya chini. Sasa una matatu tu, weka moja huku, moja kule, moja liache. Basi. Mimi nilitumia fimbo niliyoitundika kwa uzi katikati, na vibuyu viwili.

Sasa nami nina swali. Uliandika kwamba Mwalimu alikushika bega. Alisema nini hasa? Niandikie maneno yake yote, usikate. Alitabasamu, au alisema tu? Bega ni lako lakini jibu lilikuwa langu.

Usidhani nina wivu. Au nina wivu, sijui. Jioni narudi na mbuzi nikiwa na jambo la kusema na hakuna wa kumwambia. Mama anasikiliza, masikini, halafu ananiuliza kama nimeshiba.

Kaka yako,
Lokwang


Kakuma, 2 Juni 1979

Longor mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ina habari.

Mvua ilinyesha kidogo mwezi wa nne, majani yakachipua, na moyo wa Baba nao ukalowa. Mama amemsema usiku na mchana. Juzi akaniambia, "Nenda basi kwenye kiti chako. Lakini arudi yule mwingine, siwezi kutoa watoto wawili." Longor, nilikwenda korongoni nikalia peke yangu, tena kwa sauti.

Mwambie Mwalimu Jerotich ukweli. Sema kosa ni la Baba, sema ni langu, sema unavyotaka. Kisha nipandie lori, nami nipande la kwenda huko. Maswali yako yote ninayo kichwani, usiku nayapangua na kuyapanga upya. Najua nakuomba uache maharagwe yako. Nakuomba hivyo hivyo. Sijawahi kukuomba kitu, na sitakuomba kingine.

Jumatatu ijayo nitakuwa barabarani tangu alfajiri, nikingoja barua yako.

Kaka yako anayekupenda,
Lokwang


Kakuma, 30 Juni 1979

Longor,

Hujambo. Lori limekuja tena Jumatatu hii. Lomuria anasema alikuona langoni, una afya, ulimpungia mkono. Hukumpa barua.

Kama Mwalimu amekataa, niambie amekataa. Kama wewe ndiye uliyekataa, niambie pia. Lakini usininyamazie. Nimesimama barabarani kila Jumatatu mpaka watoto wa madukani wananiuliza kama nauza kitu.

Kaka yako


Lodwar, 22 Julai 1979

Kaka yangu Lokwang,

Sijui nianzeje kukusalimu. Nakusalimu kwa aibu. Msalimu Mama pia, mwambie sijapaliwa.

Mwalimu hakukataa. Mimi ndiye niliyenyamaza. Kila nilipoinuka niende mlangoni kwake nilikumbuka ile njaa ya tulipokuwa wadogo, wakati Mama alipokuwa akichemsha ngozi, nikaketi tena kitandani. Huku nina blanketi langu mwenyewe. Nilijiambia, wiki ijayo. Jina walilonipa limenifaa kweli kweli.

Jana nilimwambia. Nilianza vizuri, halafu nikalia kama mtoto wa kunyonya. Hakunikemea. Aliniuliza, "Kwa hiyo mwenye fimbo na vibuyu yuko Kakuma, anachunga?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akasema, "Alete miguu yake hapa kabla sijazeeka." Angependa kutuchukua wote wawili, lakini kitanda ni kimoja, na ofisi imekataa kitanda kingine. Haidhuru. Mimi nimekwisha kufunga vitu vyangu.

Panda lori hili hili Jumamosi. Usingoje kunijibu. Mimi nitakuja na lori la Jumatatu, nitachunga, nitajitahidi. Nisamehe kwa Juni yote.

Mdogo wako,
Longor


Kakuma, 18 Agosti 1979

Mdogo wangu Longor,

Ulingoja Jumamosi ile nisionekane, na mbili zilizofuata pia. Najua, kwa sababu kungoja kule nakufahamu. Sasa kaa chini usome mpaka mwisho.

Wiki ile ile barua yako ilipokuwa njiani, wavamizi walitufikia, wengi, wana bunduki. Waliwachukua ngamia wetu wote. Baba alipigwa risasi ya paja. Yuko hai, amelala kivulini, lakini mguu hautamchukua tena porini. Mjomba Ekuru tumemfukia kwa mawe. Mama yuko mzima, haongei sana.

Mbuzi walipona. Siku moja kabla niliona nyayo za viatu kwenye mchanga, viatu ambavyo si vya mtu wa kwetu, nikawapeleka mbuzi korongo la upande wa pili. Nilimwambia Baba awahamishe ngamia pia. Akasema kesho. Sasa analia akisema maneno yale yale, kwamba mwenye akili anapewa mbuzi. Angekuwa ni wewe, tusingebaki na mmoja.

Kwa hiyo siji. Mwambie Mwalimu Jerotich nashukuru, na kwamba nimemsikia.

Wala wewe usije. Nakujua, umekwisha kukaza kamba ya mfuko. Ukija nitachunga mbuzi na kukuchunga wewe pia, na wewe unapotea kuliko wao. Maji ya hapa yamekauka. Kesho kutwa nawapeleka mbuzi Oropoi, kwenye vilima vya mpakani, peke yangu na mbwa. Huko hakuna lori. Kaa hapo, kula. Hata ukifeli, feli ukiwa umekula.

Nilikukasirikia sana mwezi wa sita. Ungesema wakati ule, ningekuwa darasani. Halafu naangalia mbuzi hawa, namwangalia Mama, nashindwa kuendelea na hasira. Nimekusamehe, lakini bado inaniuma, na sitakudanganya kwamba haitaniuma.

Usiniletee maswali tena. Nikiyasoma siwezi kuangalia nyayo.

Kaka yako,
Lokwang


Lodwar, 4 Novemba 1979

Kaka Lokwang,

Ejok? Hujambo? Mbuzi hawajambo, na yule mbwa? Nakuuliza, halafu nasimama kidogo, kana kwamba utanijibu.

Lomuria amenirudishia barua zangu zote za tangu Septemba. Anasema kila akipita huziacha hapo Kakuma dukani kwa Aregae, na hakuna mtu wa Oropoi aliyekuja kuzichukua. Mama alifika barabarani wiki iliyopita, akamwambia hajakusikia tangu uondoke. Askari mmoja wa kituoni alimwambia Lomuria kwamba huko vilimani milio ya bunduki imesikika. Kisha akamwambia wachungaji wengine wamevuka kwenda mbali zaidi kutafuta majani. Nimeshika hili la pili. Nalishika kwa mikono miwili.

Niliomba ruhusa nije nikutafute. Mwalimu akaniuliza, "Utapita njia ipi?" Sikuijua njia, kaka. Nilisimama mbele yake sijui hata Oropoi iko upande gani wa jua. Akanirudisha kitini. Hajanifukuza, ingawa anajua mimi ni nani. Aliandika Longor kwenye karatasi yake mbele ya wote, na wenzangu hawakucheka.

Mtihani uko mbele na sijali tena. Mlango waufunge.

Ulinikataza maswali, na leo nakuvunjia amri. Mwalimu ameuliza hivi: mito inaingia kwenye ziwa letu mwaka mzima, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Mbona ziwa halifuriki, maji yanakwenda wapi? Nimejibu mwenyewe, bila kungoja lori. Nilisema kuna shimo chini. Mwalimu akasema nimekosea, nifikiri tena, na nimefikiri wiki nzima nikiwa nimelala nimeangalia bati.

Sitaki kulijua jibu, kaka. Nataka mwandiko wako. Andika kwenye karatasi yoyote, kwenye ngozi, mpe mtu yeyote anayeshuka barabarani. Nijibu, hata kama jibu ni la makosa.

Mdogo wako,
Longor