Sauti ya Kalolaine kwenye Spika

Pangai, Ha'apai
Jumanne

Kaka yangu Feleti,

Pokea salamu zetu sote, na utuambie mgongo wako unaendeleaje huko kwenye mashamba ya tufaha. Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri, ila analalamika kwamba mihogo ya mwaka huu ina kiburi, haitaki kuiva.

Sasa kaa chini nikupe yangu. Bahati imenishika shati, kaka. Shule ya sekondari imenifanya mkuu wa chumba cha kompyuta. Mimi niliyeishia kidato cha pili, leo walimu wakikwama wananiita. Nimefunga spika kwenye harusi za wakubwa wa Sydney. Huu mtandao wa shule kwangu ni mtoto mchanga.

Bi Hingano, mwalimu wa fasihi, siku hizi ubao hautaki. Wanafunzi wanasoma hadithi mtandaoni, wanatunga za kwao, wanazisoma kwa sauti kwenye simu na kumtumia yeye peke yake. Binti yako Kalolaine mwanzoni alishika ile simu kama ameshika kaa. Halafu akafunguka. Bi Hingano aliniambia hajapata kufundisha mtoto anayetunga vile, na kwamba hadithi atakayorekodi kwa ajili ya mtihani itampeleka chuoni kule mji mkuu, Nuku'alofa. Nikamwambia hiyo ni damu yetu. Akasema basi mimi hiyo damu ilinipita pembeni.

Wiki iliyopita Bi Hingano alishikwa na homa. Nikaingia darasani, nikawasha kompyuta yake, nikaona jina la Kalolaine. Nikawaambia watoto watulie, leo watamsikia mtu wa ukoo wangu. Nikaunganisha spika kubwa, ile ya kanisani. Sikusikiliza kwanza.

Ilikuwa hadithi ya msichana anayempenda kijana muuza mikate, na jinsi walivyoshikana mikono nyuma ya tanuri. Nzuri mno, kaka, hata nikasahau kuzima. Na mwanangu Saimone alikuwa dawati la mbele.

Wewe huhitaji kuelezwa. Saimone na Kalolaine baba zao ni ndugu, mimi na wewe, na wamelelewa nyumba moja, kwa hiyo kwetu ni kaka na dada, na habari za mapenzi hawazisikii pamoja hata kwenye televisheni. Lazima mmoja atoke. Ndiyo sababu Bi Hingano alikuwa akizisikiliza peke yake. Mimi na Sydney yangu nilidhani hayo yalikwisha.

Saimone aliinuka, akatoka ameinamisha kichwa, mkoba akauacha. Kalolaine alijifunika uso kwa mikono mpaka sauti yake mwenyewe ilipokwisha.

Kijana sasa analala kwa mjomba wake. Nilimfuata na utani wangu, akaniambia, "Baba, wewe cheka tu. Mimi dada yangu nitamtazamaje?" Nikarudi nyumbani na utani wangu.

Kalolaine ameacha shule. Anashinda na Mama wakisuka mikeka. Bi Hingano alikuja, bado anakohoa, akamsihi arekodi hadithi ya mtihani, hata ya samaki ikibidi. Binti yako akamjibu kwa upole kabisa kwamba mkeka hauna spika. Mtihani ulikuwa jana. Asubuhi nzima nilisimama mlangoni nikingoja ainuke. Hakuinuka.

Usimgombeze, kaka, nigombeze mimi. Ukipiga simu umwulize habari za mikeka, basi.

Mama anakusalimu, na watu wa kanisani wanauliza utarudi lini. Mungu akulinde kwenye hiyo baridi.

Na ile kazi ya chumba cha kompyuta sikupewa. Nilikuwa mfagiaji, ufunguo niliuchukua mwenyewe mezani. Sasa hata kufagia wamenikataza.

Mdogo wako,
Sosaia