Timazi Haisinzii

3 Machi
Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Juzi usiku tulikuwa angani na mizigo, giza totoro, nikahisi ndege imenyooka kabisa. Kipimo mbele yangu kikasema tumelalia bawa la kushoto na tunashuka. Nikasema kimeharibika. Msaidizi wangu akaninyang'anya usukani. Baba, kipimo kilikuwa sahihi. Ulikuwa usiku wangu wa sita mfululizo, na kwenye fomu ya mapumziko niliandika nimelala masaa manane. Nililala matatu. Sote tunaandika manane. Usimwambie mama.
Mwanao, Kifunguamimba

14 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Nami nikupe siri. Ule ukuta wa jiko uliopinda, ninaosingizia udongo, si udongo. Nilikuwa nimekesha siku mbili. Macho yaliniambia umenyooka, timazi yangu ya kupimia ukuta ikasema umepinda, nikaitundika timazi msumarini nikaendelea kujenga. Fundi mwashi mzima! Miaka ishirini mama yako anachomeka ubao chini ya kabati. Lakini mimi nikikosea, kabati linayumba tu. Wewe je? Mficha uchi hazai. Andika matatu.
Baba yako

2 Aprili
Baba,
Shikamoo. Huku si kwema. Jumatatu niliandika matatu, wakaniondoa kwenye safari. Akapelekwa rubani mwingine pamoja na msaidizi wangu, yule aliyeniokoa. Hawakurudi. Fomu ya rubani huyo inasema manane. Vyumba vyetu vimepakana, na mchana kutwa kabla ya safari nilimsikia akibembeleza mwanawe mgonjwa. Wachunguzi watakuja mwisho wa mwezi. Mkubwa wetu anataka sote tushike neno moja: manane. Nikisema kweli, na fomu zangu za nyuma zitafufuka. Naogopa, Baba.
Kifunguamimba

11 Aprili
Mwanangu,
Pole sana. Jana nimemwambia mama yako habari za ukuta. Hakugomba, alikwenda kuukaza ubao chini ya kabati, na hilo limeniuma zaidi. Hata hivyo usiku nimelala.
Baba yako

29 Aprili
Baba,
Shikamoo. Nimesema yote, nikaanza na fomu zangu mwenyewe. Leseni wameichukua. Mjane wa msaidizi wangu alinishika mkono. Naja Jumamosi. Mwambie mama anitandikie kitanda, na asiniamshe.
Mwanao