Hatua Tatu Zilizopungua

Wuzhou, mwezi wa tatu, siku ya 11

Kwa mdogo wangu Yiu-cho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkeo mzima, na kile kikohozi chake kimeondoka na baridi. Huku mimi sijambo. Mto umejaa, mashua zinavutwa kupanda juu kila siku, na kila mashua inataka kamba, kwa hiyo karakana yangu haina njaa. Nilianza peke yangu na kisu kimoja cha kupasulia mianzi. Sasa nina watu ishirini na wawili. Nakwambia kwa kuwa hujawahi kuuliza.

Nimenunua kitabu cha Baba, kile cha sanaa yake ya kupigana. Nimekinunua dukani kama mpita njia yeyote, kwa sababu hakuna aliyeniletea. Nina miezi mitano nacho. Kila alfajiri, kabla wafanyakazi hawajaja, nakiegemeza kwenye bunda la mianzi na kukufuata wewe pichani, mkao kwa mkao: joka, nyoka, chui milia, chui, korongo. Unajua kwa nini sikufundishwa. Nilikuwa na miaka saba Baba aliponitoa kwa Baba Mkubwa, ambaye hakujaaliwa mtoto wa kiume, ili naye asikose wa kumfukizia ubani akifa. Tangu hapo, kwenye kitabu cha ukoo, mimi ni mtoto wa ndugu yake tu, na sanaa ya nyumba haivuki ukuta.

Sasa nieleze. Utangulizi unasema hatua mia moja na nane. Nimehesabu mara nne, ni mia moja na tano. Tena picha ya sitini, korongo kasimama kwa mguu wa kushoto. Picha ya sitini na moja, mguu huohuo wa kushoto uko hewani unapiga teke. Kati ya hapo na hapo amesimama kwa nini, kwa mdomo? Jana mzee mmoja wa mashua alinikuta nikihangaika nayo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Umejifunza kwenye karatasi wewe," akasema. "Hapo unapojikwaa ndipo wezi wote hujikwaa."

Mimi, mwizi wa mali ya baba yangu. Niambie kama mmezikata kwa makusudi.

Kaka yako,
Jik-man

*

Foshan, mwezi wa nne, siku ya 2

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea salama, na shemeji yako amepona kikohozi, anakusalimu sana.

Nimefurahi kusikia unafanya mazoezi. Kitabu ni kama Baba alivyokitamka; mimi nilisimama tu mbele ya kamera. Kuhusu hesabu, wachapaji nao hukosea. Kaza kwanza mkao wa farasi, Kaka. Ukikaa vizuri chini, mengine yatakuja yenyewe.

Mwezi wa tisa, siku ya 16, inatimia miaka mitatu tangu Baba atutoke. Wanafunzi wote watakuja, na wakuu wa shule nyingine za mjini. Karibu nawe.

Mdogo wako,
Yiu-cho

*

Wuzhou, mwezi wa tano, siku ya 20

Kwa Yiu-cho,

Nashukuru kwa salamu, na nashukuru shemeji amepona. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri.

Barua yako ina mistari kumi na moja, na jibu langu halimo hata katika mmoja. Wachapaji hukosea herufi, hawakosei miguu ya watu. Najua kila mwalimu huficha mkono mmoja kitabu kikienda dukani. Hata mimi simwonyeshi mfanyakazi mpya fundo la mwisho. Lakini anayefichwa ni mgeni. Unaniambia "karibu nawe." Karibu upande gani? Wa wana, au wa wageni walioleta matunda? Nataka jambo moja tu kutoka nyumba ile: nisimame mbele ya kibao cha ukumbusho chenye jina la Baba niitwe mwanawe, japo mara moja, watu wakisikia.

Kwa kuwa hunipi, nimezitafuta mwenyewe hizo hatua. Nguvu ya mwili ni kama mvuto wa kamba, haipotei katikati. Ikiingia huku lazima itokee kule. Nimepima sakafu wayo kwa wayo. Ya kwanza iko kati ya picha ya thelathini na tatu na ya thelathini na nne: nyoka anarudi nusu hatua kabla ya kuchoma. Ya pili iko pale kwenye sitini: korongo anashusha mguu wa kulia kwa nguvu, mwili unageuka kwanza, kisigino kinafuata, ndipo wa kushoto unaruka. Ya tatu iko baada ya themanini na nane: chui anarudisha kiwiko mbavuni.

Sema kama nimekosea. Wewe unazijua.

Kaka yako,
Jik-man

*

Foshan, mwezi wa tisa, siku ya 13

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki cha karibu miezi minne. Si ugonjwa, sote ni wazima. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Kaka, mimi sizijui.

Baba alipokuwa akitamka kitabu alisema, "Hizi tatu tuziache. Wewe nitakuonyesha baada ya Mwaka Mpya, nikiona umetulia." Mwaka Mpya haujafika, kiharusi kikamfunga ulimi na upande wote wa kulia. Miezi kumi nilikaa kando ya kitanda chake, naye ananitazama na kuinua vidole vitatu vya mkono uliobaki. Tangu siku hizo mimi ni mwalimu mkuu wa shule yenye hatua mia moja na tano. Wanafunzi wakifika mahali pale, najikohoza na kuagiza chai. Mzee Hoh wa shule ya ng'ambo ya mfereji haachi kuniuliza kila ukumbusho, mbele za watu, kama korongo wetu bado ana baridi yabisi. Ningekujibu nini? Ulidhani nakunyima, nikaona afadhali udhani hivyo kuliko ujue.

Barua yako iliponifikia nilifunga mlango wa ukumbi nikalia. Nimezifanya zote tatu, polepole, siku baada ya siku. Ya kwanza na ya tatu ziliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Ya pili inaniuma goti, ila nadhani ni unene wangu. Wewe umeipima wayo kwa wayo, mimi ni nani niibishie.

Siku ya 16 nitacheza hatua zote mia moja na nane, kwa kasi yake, Mzee Hoh akiwa amekaa mbele. Nikimaliza nitasema kwa sauti kwamba hatua tatu zilizopotea zimerudishwa na Jik-man, mwana mkubwa wa marehemu. Wazee wa ukoo nimeshawaeleza. Walinung'unika, wakakubali. Ukiwahi meli, nafasi yako iko mbele ya yangu.

Mdogo wako,
Yiu-cho

*

Wuzhou, mwezi wa tisa, siku ya 17

Kwa mdogo wangu Yiu-cho,

Leo sikuulizi hali kwa mazoea. Goti lako likoje?

Uliandika tarehe 13, barua imefika leo asubuhi. Nilikimbia kupiga telegramu. Karani akauliza aandike nini, nikamwambia andika "usicheze," ndipo nikazihesabu siku. Ukumbusho ulikuwa jana.

Ile ya pili niliigeuza. Kisigino kinatangulia, mwili unafuata. Nilipokuandikia kinyume nilikuwa nimeshaifanya iliyo sawa zaidi ya mara mia mbili. Nilijiambia hivi: Yiu-cho anazijua. Akinijibu "umekosea, Kaka," basi ananihesabu ndugu. Akinyamaza, kisha kitabu kipya kikatoka na kosa langu ndani yake, basi ni mwizi nami nina ushahidi. Nilihesabu njia mbili. Kwamba hujui, na kwamba utaniamini, hiyo sikuihesabu.

Ikifanywa polepole inauma tu. Ikifanywa kwa kasi, wayo umekanyagwa na kiwiliwili kinazunguka, goti halina pa kwenda. Ulisema jina langu utalitaja ukimaliza. Najua hukumaliza.

Kama limevimba, lifungwe kwa kitambaa cha maji baridi, na asije mtu kulinyoosha kwa nguvu, hata Mzee Hoh akisema anajua. Barua hii na mimi tunapanda meli moja leo saa nane. Naiandika kwa sababu unaweza kukataa kuniona, na una haki. Nitaipitisha chini ya mlango, kisha nitakaa kizingitini mpaka uisome.

Wakiuliza huyo aliye nje ni nani wako, usiwaambie.

Kaka yako,
Jik-man