Sahani ya Mpishi wa Nyambizi

Guangzhou, mwezi wa tano, mchana. Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke Likoni. Wewe uliondoka masika ya mwaka jana, lakini mimi nimeambiwa juzijuzi tu.

Baba,

Shikamoo. Sijui kama huko mliko mnasalimiwa, ila mkono umekataa kuanza na neno jingine.

Bado nafunga marobota kule kwenye maghala ya barabara ya Guangyuan Xilu. Nguo zikishapangwa napanda juu nazikanyaga, navuta utepe, naandika alama ya mteja, nakokota kitoroli mpaka kwenye lori. Mgongo wangu, ule uliokuwa ukiucheka kwa unene, sasa umekuwa ubao. Chumba ni kilekile cha mtaa wa Dengfeng, kisicho na dirisha. Nilipokueleza mara ya kwanza kwamba hapa ndani siwezi kujua kama nje ni asubuhi au jioni, ulicheka ukasema, "Basi umeingia nyambizi, mwanangu."

Nyambizi yako ile. Hukuwahi kuchoka kuisimulia. Ulikuwa ukifunga kamba za meli bandarini Kilindini, ikaja ile manowari ya wageni, nyeusi tii, haina dirisha wala jina, imelala majini kama mgongo wa kitu kisichotaka kuonekana. Mpishi wake akashuka kuvuta sigara, mkaongea kwa Kiingereza chako cha bandarini. Akakwambia imepita chini ya barafu ambako hakuna mwanga. Imefuata meli za watu wiki nzima nyuma yao, nao hawajui. Imewahi kupiga makombora vitani, na yeye jikoni alichosikia ni masufuria kutikisika tu. Tumboni mwake mna moto wa nyuklia unaowaka miaka bila kuongezwa kitu. Kinachoirudisha juu ni njaa ya watu.

Na akakwambia habari ya mama yake. Wakiwa chini, salamu fupi za nyumbani hufika, lakini nahodha huzisoma kwanza. Ikiwa ni msiba, anaikunja karatasi na kuitia mfukoni mpaka waibuke, maana mtu aliye chini hawezi kwenda kuzika. Mpishi aliendelea kupika akiimba, na nahodha alikuja kila siku na sahani yake, akala, akamsifu mchuzi. Siku waliyoibuka ndipo akamwita kando, akampa karatasi.

"Nahodha yule alikuwa mtu mwema," ulikuwa unamalizia hivyo kila mara. Mpishi alisemaje, hukuniambia. Na mimi sikuuliza.

Baba, ujumbe wako wa sauti ulinijia kila Ijumaa kwenye simu. "Mwanangu, umekula? Usilale na nguo mbichi." Nami nikajibu, nimekula Baba. Nikakuuliza habari ya paa, ukasema usilale na nguo mbichi. Nikakuuliza habari ya goti lako, ukaniuliza kama nimekula. Mara nyingine maneno yalikuwa yaleyale, na ile pumzi ya katikati ileile. Nikasema moyoni, uzee umemwingia. Ijumaa moja, nyuma ya sauti yako, nilisikia mvua kubwa ikipiga mabati. Asubuhi ya siku ileile dada Mwanaidi alikuwa amenilalamikia kwamba kisima kimekauka na Likoni nzima inanunua maji. Nikazima simu, kisha nikaiwasha, nikakujibu: nimekula.

Nilipombana sana dada yangu, nikimwambia mpe Baba simu nimsikie akicheka, alikiri, "Kaka, aliagiza mwenyewe." Ulikuwa kitandani, mvua inanyesha, ukamwambia akurekodi, awe ananitumia kila Ijumaa. "Yule yuko chini. Msimwambie mpaka aibuke."

Sikukasirika. Niliogopa tu. Miezi yote ile nilikuwa nazungumza na nani?

Niliitafuta nyambizi yako kwenye simu. Sina hakika kama ni yenyewe, zote zinafanana. Nilichokiona ni kwamba zikizeeka zinatolewa ule moto, zinakatwa vipande, na kile kipande cha tumbo kinazibwa kwa chuma na kupelekwa bara, mbali na bahari, kuwekwa ndani ya shimo kubwa pamoja na vingine. Nilikaa nikiyatazama yale matumbo yamepangwa kwenye vumbi. Pengine na yako imo, nayo ilikufa kitambo, na sisi tuliendelea kuisimulia.

Sasa sikia kilichonifanya niandike leo. Naishi na Deo, mtu wa Mwanza, tunafunga marobota pamoja. Ana maneno huyo! "Mpwani wewe, hata robota unalibembeleza? Likanyage, si mkeo!" Asubuhi mjomba wake alinipigia mimi. "Mama yake Deo tumemzika jana. Tafadhali kaka, usimwambie. Amalize kontena lake alipwe, akirudi tutamkalisha chini." Nikasema pole, nikasema sawa. Nilisema sawa, Baba.

Leo laobani, tajiri wetu, ametupumzisha kwa sababu ya mvua. Deo yuko hapa nyuma yangu anapika maharage na anaimba nyimbo zake za kanisani. Amemnunulia mama yake viatu laini vya miguu inayovimba. Ameviweka kitandani kwangu, kaniuliza, "Vitamwingia hivi?" Nikamwambia vitamwingia. Kwa ulimi wangu mwenyewe. Halafu akaniuliza mbona namtazama hivyo.

Ndipo nikamwona nahodha wako ameketi na sahani yake, na karatasi mfukoni. Nimejua mpishi alivyohisi alipoanza kuzikumbuka zile sahani za nahodha moja baada ya nyingine.

Nisamehe, Baba. Najua ulinifanyia kwa huruma, na huruma yako naipokea. Lakini mimi siwezi kula chakula cha Deo hivi. Harufu ya vitunguu imejaa chumba, na ameniita mara mbili, "Mpwani, leta sahani." Nikiweka kalamu hii chini nitamwambia azime jiko, akae, kisha nimwambie. Akilia nitalia naye. Akitaka kurudi kwao kesho, kontena lake nitalifunga mimi.

Mwanaidi anasema imebaki rekodi yako moja ambayo hajaituma. Nimemkataza kuituma. Nitaisikiliza nikiwa nimeketi pale kitandani kwako, na sitaijibu.

Lala salama, Baba. Nakuahidi kaburi lako halitaota majani nikiwa hai. Naja kabla ya mvua za vuli, niyasikie mabati yetu kwa masikio yangu.

Mwanao, niliyeibuka.